Daftari la Oda Lina Habari Kuliko Mkurugenzi

(Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati, Moshi. Nimeiandika upya kutokana na karatasi zangu na sauti iliyorekodiwa kwa simu. Vicheko nimeviacha, na mlio wa jenereta ya jirani pia nimeuacha.)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Wa Bwana asifiwe na wa Asalaam aleikum, wote mmesalimiwa. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja chai itapoa, na nimeyaona maandazi yakiingia, bado yanatoa moshi.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema hivi: "Kaka, njoo utusaidie. Makampuni makubwa yanatoka gazetini kila wiki, sisi hatuna habari." Nikamuuliza, hamna habari au hamna hela ya tangazo? Akacheka, akasema vyote. La hela sina msaada nalo. La habari nina ugomvi nalo, na ndiyo maana nimekuja.

Nimekuwa mwandishi wa mkoa miaka mingi, nikilipwa kwa stori. Hukuandika, huli. Baadaye nikahamia upande huu wa kuwaandikia watu taarifa kwa vyombo vya habari. Kwa hiyo nimezitupa sana hizo taarifa, na zangu nazo zimetupwa. Niwaambie moja iliyotupwa, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Kuna kampuni moja, jina lake liacheni, ilibadilisha nembo kutoka bluu kwenda kijani. Wakanilipa vizuri. Nikaandika ukurasa mzima: kampuni yazindua nembo mpya inayoakisi dira na maono yake, na nukuu ya mkurugenzi ndefu kama sala ya kufungia ibada. Nikamtumia mhariri mmoja wa Dar niliyezoeana naye. Akajibu maneno mawili tu: "Kwa hiyo?"

Nilikasirika, nikampigia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, mama aliyenunua gazeti stendi akisoma kwamba nembo imekuwa ya kijani, atauliza swali hilihili. Nipe jibu lake niichape." Sikuwa na jibu. Hadi leo gari lenye nembo ile likipita naangalia pembeni.

Hilo "kwa hiyo?" ndilo nimekuja nalo leo. Jambo likishindwa kulijibu, msilitume, hata kama mna fungate nalo.

Sasa tuelewane kuhusu vitu ambavyo nyinyi mnadhani ni habari. Ofa ya mwisho wa mwezi ni tangazo, lilipieni. Kufungua ukurasa Instagram siyo habari, hata mjukuu wangu anao. Halafu kuna ile picha. Mnaijua. Watu saba wamesimama mstari mmoja mbele ya bango, katikati kuna kadibodi kubwa, na maelezo chini yanasema: "Mkurugenzi (wa tatu kutoka kulia) akikabidhi mfano wa hundi." Pembeni kuna katoni za sabuni, na watoto wa kituo wamekalishwa chini kwenye nyasi, hawajui wacheke au wasicheke. Mimi nimepiga picha hizo nyingi kuliko nilizopiga za Mlima Kilimanjaro. Toeni sadaka, Mungu awabariki. Ila mhariri ana picha kama hizo kumi kwenye simu yake, na zote mwenye kadibodi ni wa tatu kutoka kulia.

Mtu akiniambia biashara yangu haina habari, mara nyingi anamaanisha hakuna jipya lililomtokea yeye. Na ni kweli. Umefungua saa 2 asubuhi, umefunga saa 12 jioni, kesho tena. Ni maisha hayo. Lakini gazeti halikutafuti wewe. Gazeti linatafuta kile unachokiona kaunta, wiki tatu kabla mtu wa ofisini Dodoma hajakiona. Muuza duka anajua unga umeanza kununuliwa nusu kilo kabla takwimu yoyote haijatoka. Fundi wa pikipiki anajua barabara gani imeharibika kabla mhandisi hajaikagua. Hiyo ndiyo mali yenu, na mnaimwaga kila siku pamoja na maji ya kudeki.

Wenzetu waliliona hili mapema. Mwaka 1900 huko Ufaransa, kampuni ya matairi ya Michelin ilikuwa na tatizo lenu hasa. Tairi ni tairi, utasema nini kipya? Na magari yenyewe nchi nzima hayakufika hata 3,000. Wakatoa kitabu kidogo cha bure kwa wenye magari: ramani, namna ya kubadilisha tairi, wapi utapata mafuta, wapi utalala. Yaani waliwaambia watu kile ambacho muuza tairi anakijua kuhusu safari. Baadaye kitabu hicho kikaanza kuipa migahawa nyota, na leo mpishi wa Paris anakosa usingizi kwa ajili ya nyota za kampuni ya matairi.

Nirudi Moshi, maana najua kuna mtu hapo anasema huyu katupeleka Ulaya.

Kuna mama mmoja ana karakana ya kushona huko Majengo, cherehani nne na meza ya kukatia. Kazi yake kubwa ni sare za shule. Nilikwenda kwake Januari moja, sikwenda kikazi, nilikwenda kupunguziwa suruali. Katika kuongea akasema, "Mwanangu, wewe unawaandikia watu. Mimi ningetaka nijulikane, ila sisi hapa hatuna habari, tunashona tu." Nikamwambia mama, nipe daftari lako la oda.

Ni daftari la kawaida, counter book yenye jalada gumu, kona zimelowa mafuta ya cherehani. Kila mstari una jina la mtoto, shule, kiuno, urefu, hela iliyolipwa, hela iliyobaki. Na pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu, baadhi ya mistari ilikuwa na herufi ndogo "u". Nikauliza, mama hii "u" ni nini? Akajibu kama mtu anayejibu swali la kijinga: "Upindo. Anayetaka upindo mrefu."

Nikahesabu ukurasa mmoja, nikahesabu wa pili. Zaidi ya nusu walikuwa na "u". Nikamwomba daftari la mwaka uliotangulia, akalitoa chini ya gunia la vitambaa. Humo "u" zilikuwa za kutafuta.

Akanieleza. Zamani upindo wa sketi ulikuwa inchi moja na nusu, ikizidi sana mbili. Msimu ule wazazi walikuwa wanaomba tatu, wengine nne, ili mtoto avae sketi hiyohiyo miaka miwili. "Zamani mzazi alikuwa ananiambia, mpime vizuri. Sasa ananiambia, mpime atakavyokuja kuwa." Niliandika sentensi hiyo nyuma ya risiti ya mafuta, kwa sababu nilijua mkurugenzi wa nembo ya kijani hawezi kuitoa hata umpe mwaka mzima.

Nikauliza swali letu. Wazazi wanaongeza upindo, kwa hiyo? Kwa hiyo ni jinsi watu wanavyoivuka Januari. Shule za serikali ada hadi kidato cha nne ilikuwa imefutwa kufikia 2016, na kidato cha tano na cha sita ikafuata 2022, lakini sare imebaki mzigo wa mzazi. Hilo linamgusa kila mtu mwenye mtoto kuanzia Pasua mpaka Namanga. Na mama alikuwa na la kumsaidia msomaji. Akanivutia sketi moja iliyoletwa kushushwa, akaikunjua pale mezani. Chini kulikuwa na mkanda wa bluu iliyokolea, upana wa vidole vitatu, juu yake bluu iliyopauka. Kitambaa kilichojificha ndani ya upindo hakipigwi jua, kwa hiyo ukishusha baada ya miaka miwili kila mtu anajua. Dawa yake, anasema, ni kushusha nusu wakati wa likizo ya Juni, rangi ipauke polepole, na nusu nyingine mwaka unaofuata. Mimi nimesomesha watoto watatu na sikulijua hilo.

Tukaandika. Nawasomea ilivyokuwa. Namba nimeziruka kwa sababu ni zake, lakini kwenye taarifa yenyewe zilikuwepo, na bila hizo namba isingekwenda popote.

"Taarifa kwa vyombo vya habari. Moshi, Januari. Wazazi Moshi washonesha sare za kukua nazo. Wazazi wengi wanaopeleka oda za sare katika karakana moja ya Majengo mjini Moshi wameanza kuomba upindo wa inchi tatu au zaidi, ili mtoto avae nguo moja kwa miaka miwili. Kati ya oda kadhaa zilizopokelewa Desemba na Januari, kadhaa ziliombewa upindo mrefu, wakati msimu uliopita zilikuwa kadhaa. Mmiliki wa karakana anasema, 'Zamani mzazi alikuwa ananiambia, mpime vizuri. Sasa ananiambia, mpime atakavyokuja kuwa.' Anawashauri wazazi washushe nusu ya upindo likizo ya Juni ili rangi isitofautiane. Karakana inapokea waandishi siku za kazi kuanzia saa 3 asubuhi. Picha za sketi kabla na baada ya kushushwa zimeambatishwa."

Imekwisha. Hakuna dira, hakuna maono. Jina la karakana lilikuwa chini pamoja na namba ya simu, na hakuna mahali pameandikwa kwamba yeye ni fundi bora Kanda ya Kaskazini. Redio moja ya hapa mjini iliisoma asubuhi wakati watu wananywa chai, halafu wakamwita studio, na simu zikapigwa mpaka kipindi kikamezwa. Gazeti lilikuja siku mbili baadaye. Msinielewe vibaya, hakujaa wateja mlangoni kama mnada wa Kiborloni. Alipata walimu wakuu wawili waliotaka kuzungumza bei ya jumla, na alipata kipande cha gazeti ambacho amekibandika ukutani kwa selotepu. Kwa karakana ya cherehani nne, Januari, si haba.

Kabla sijaendelea, tahadhari mbili kuhusu hayo madaftari. Majina ya wateja yabaki ndani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mji huu ni mdogo, mama mkwe atajua. La pili, msiite hesabu zenu utafiti. Oda za karakana moja ni oda za karakana moja. Andikeni "kwa wateja wetu". Mwandishi mzuri ataheshimu hilo, na akitaka kupanua atakwenda kwa mafundi wengine mwenyewe. Ukimwandikia "utafiti umebaini" ataomba huo utafiti, na wewe utamwonyesha nini, kalamu nyekundu?

Haya, mnaona sasa nilipo. Naomba kila mmoja afikirie swali ambalo wateja wake wamemuuliza mara tatu mwezi huu. Siyo "bei ya mwisho ngapi", hilo ni la kila mwezi.

Fundi magari yupo hapa? Simama kaka. Nani anakuletea gari Desemba? (Akajibu: "Watu wa Dar.") Wamekuja kufanya nini? ("Breki.") Mnasikia! Kila Desemba vyombo vyote vya habari vinaandika Wachaga wanarudi nyumbani. Nauli, foleni, mabasi ya ziada, mbuzi wamepanda bei. Mimi nimeiandika stori hiyo mpaka nikawa naihamisha ya mwaka jana nabadilisha tarehe, Mungu anisamehe. Mwandishi wa Desemba ana njaa ya engo mpya kuliko mnavyoweza kudhani. Na fundi huyu anayo.

Gari limetembea zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar barabara tambarare, dereva haijui Kibosho wala Old Moshi kwa gurudumu, anazijua kwa kupakiwa. Anashuka na familia na magunia ya ndizi, amekanyaga breki mfululizo kutoka juu mpaka barabara kuu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, kwa hiyo yakikaa miaka bila kubadilishwa yanakuwa na maji ndani. Breki zikipata moto, hayo maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea. Tiba inajulikana: badilisha mafuta ya breki kabla ya safari, kagua pedi, na ukishuka mlima tumia gia nzito. Hata gari la otomatiki lina gia ya chini, siyo lazima ikae D kama imepigwa msumari.

Hiyo ni taarifa. Itume tarehe 10 Desemba, siyo tarehe 24. Weka picha ya pedi mpya na pedi iliyoisha, zikiwa kwenye kiganja cha fundi, kiganja chenye grisi. Kaka, hujasema unatengeneza gari vizuri hata mara moja, lakini atakayesikia redioni akiwa Same gari linanuka kitu kinaungua, atamtafuta nani?

Swali la pili mnaloniuliza huwa ni lini. Hapa nitakwenda haraka. Vyombo vya habari vina kalenda, na kalenda hiyo inajulikana. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta. Siku hiyo kila dawati Dar linatafuta mtu wa mkoani wa kusema imemgusaje. Kama una pikipiki tano za kupeleka mizigo, uwe umeshapiga hesabu ya lita kwa safari ya Machame kabla ya saa 4 asubuhi. Mwezi wa sita ni bajeti. Wasomi watachambua kwa lugha yao, wewe tuma mistari sita: bidhaa gani dukani kwako itabadilika bei na kwa nini. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa mfumuko wa bei kila mwezi, na mwandishi wa biashara anahitaji nyanya halisi ya Mbuyuni ya kuweka kando ya asilimia.

Na mwisho wa Februari tuna mbio. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa tangu 2003, waandishi wanashuka wenyewe, hotelini hakuna kitanda, na siku mbili kabla ya mbio hawana cha kuandika isipokuwa maandalizi yanaendelea vizuri. Fundi viatu anayebadilisha soli za raba wiki hiyo ana stori nzuri kuliko mgeni rasmi. Anajua raba za mkimbiaji wa kilomita 42 zinaisha upande gani, na za yule wa kilomita 5 aliyekuja kupiga picha haziishi popote.

Gazeti la Jumatatu linaandaliwa Jumapili, na Jumapili ofisi za serikali zimefungwa, viongozi wako kanisani au shambani. Kurasa zina njaa. Taarifa isiyo na haraka itumeni Ijumaa mchana.

Zile siku za kimataifa muwe nazo makini. Tarehe 8 Machi mhariri anapokea pongezi za wanawake kutoka kwa kila kampuni yenye printa. Kama wewe huna la kusema zaidi ya pongezi, mpongeze mkeo nyumbani. Oktoba 1 ni Siku ya Kahawa Duniani, na sisi mnada wa kahawa uko hapahapa Moshi, ushirika wa wakulima wa kahawa wa mlima huu una historia ya tangu 1925. Lakini mwenye mgahawa akisema tu "tunasherehekea kahawa", kwa hiyo? Akisema wateja wake wenyeji, siyo wazungu, wameanza kuagiza kahawa ya kuchuja badala ya ya unga wa kopo, na aonyeshe risiti, hapo nitakaa nimsikilize. Tumekua tunalima kahawa na kunywa chai. Hiyo ni habari kubwa sana mlimani huku.

Kuna habari moja hamuipendi, na inakuja bila kuitafuta. Siku gari lako limepata ajali, siku chakula chako kimeumiza watu. Hapo hakuna aliyekosa habari, ila wote wanazima simu. Niwape historia fupi. Oktoba 28 mwaka 1906, huko Atlantic City, Marekani, treni iliacha reli darajani ikatumbukia majini, watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli ilikuwa kuwafukuza waandishi. Pennsylvania Railroad walikuwa na mtu aitwaye Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi kabla, kama mimi. Yeye akatoa maelezo ya kampuni kwa maandishi, akawagawia waandishi kabla uvumi haujatangulia. New York Times wakaichapa kama ilivyo. Wengi huihesabu hiyo kuwa ndiyo taarifa ya kwanza ya aina hii tunayoiongelea leo. Kwa hiyo kazi hii yote ilianza siku ambayo kampuni ingelipa dhahabu isiwe na habari.

Namna ya kutuma. Ukurasa mmoja. Maneno yawe kwenye ujumbe wenyewe, siyo karatasi yenye nembo iliyopigwa picha kwa simu ikiwa imeinama, mwandishi hawezi kunakili picha, na hatakaa kuchapa upya kwa ajili yako. Picha ukituma kwa WhatsApp itume kama faili, ukiituma kama picha inabanwa na gazetini itatoka kama imepigwa usiku wa mvua. Weka namba ya mtu atakayepokea simu. Narudia, atakayepokea. Kwa redio, uwe tayari kuongea saa 12 asubuhi bila kusoma karatasi.

Na bahasha. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Mwandishi anayelipwa kwa stori hana nauli, hilo nalijua, nimelala nalo njaa. Mkimwita Marangu, mpelekeni na mrudisheni, mpeni chakula kama mgeni yeyote. Lakini stori inayohitaji bahasha ya kaki ili itoke, mhariri wa Dar ataitambua kwa harufu, na mwandishi wako atakosa heshima yake na wewe yako. Stori ya upindo haikuwa na bahasha. Mwandishi alikuja na bodaboda, akanywa chai ya rangi, akaondoka na stori iliyomlipa mwenyewe.

Nimemaliza, karibuni maswali.

(Yaliyofuata nayaandika kwa kumbukumbu, rekodi ilikatika.)

Dada mmoja wa saluni aliinuka akasema wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, sasa mimi si nawafundisha kujitembeza? Watu wakapiga makofi. Nikamwambia dada yangu, nenda Mbuyuni kesho alfajiri, tafuta nyanya nzuri kuliko zote, halafu uniambie kama mwenye nyanya hizo amekaa kimya. Hakuridhika sana, nadhani, na sikumlaumu.

Halafu akasimama mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, kofia mkononi. "Mwanangu, mimi nauza misumari, bati, saruji na matenki ya maji. Miaka 30. Msumari una habari gani?"

Nikamwambia shikamoo mzee. Msumari sijui. Tenki nani ananunua?

"Watu."

Watu wa wapi, mzee?

Akafikiri. "Zamani walikuwa wa huku chini, wa mjini, maji yakikatika. Siku hizi wengi wa juu. Kibosho, Uru. Nawapelekea na gari."

Ukumbi ukatulia kidogo, maana wengi wetu pale vihamba vyetu, mashamba ya ukoo, viko juu. Nikamuuliza, juu si kuna mifongo, ile mifereji ya asili? Babu zetu walichimba, maji yanapita kwenye migomba usiku kucha.

"Mfongo upo," akasema mzee. "Maji ndiyo hamna. Wananiambia zamu ilikuwa kila wiki, sasa mwezi unapita. Kwa hiyo wananunua tenki, wanakinga ya mvua."

Hakujua kwamba ametumia lile neno. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa kijana mmoja mwandishi, tulimwalika kwa ajili ya chai tu. Nilimwona anatafuta kalamu mifukoni, akaiazima kwa dada wa saluni, akaja mbele akipita katikati ya viti.

"Mzee wangu shikamoo. Dukani unapatikana saa ngapi?"

"Marahaba. Saa 2 nimeshafungua," mzee akasema, akavaa kofia yake. "Ila Jumatano usije, napandisha matenki manne Kibosho."

"Kwenye gari kuna nafasi ya mtu mmoja?"